AKILI YA KUAMBIWA, CHANGANYA NA YAKO

(Hotuba ya mwekahazina wa kwanza wa kikundi chetu, aliyoitoa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi, Tanga, 2024. Imeandikwa kama ilivyosemwa, na kusahihishwa kidogo tu.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bibi Mwenyekiti, Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa, wazee wetu, akina baba mliokuja kutusindikiza, akina mama wenzangu, na ninyi watoto mliojaa pale mlangoni mkisubiri pilau.

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo. Wapo wenzetu wanne tuliokaa nao kwenye mkeka siku ya kwanza mwaka 2014, na leo hatunao. Mungu awalaze mahali pema. Pili nawashukuru wana kamati kwa kunipa nafasi hii. Waliniambia, “Mwalimu, wewe utatueleza historia ya fedha.” Nikawaambia sawa. Lakini historia ya fedha mtaisomewa na Katibu, anazo tarakimu zote. Mimi nimeomba niseme juu ya historia nyingine, ambayo haimo katika daftari lolote, kwa sababu aliyekuwa anaandika daftari ni mimi, na sikuiandika. (Kicheko)

Nataka kusema juu ya vichwa vyetu. Yaani yale mambo tuliyokuja nayo vichwani, tukayaamini bila kuyauliza, na jinsi yalivyotaka kutumaliza.

Mambo tuliyokuja nayo

Siku ile ya kwanza tulikuwa akina mama 22 chini ya mwembe, na hisa moja ilikuwa shilingi 1,000. Tulikuwa na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu, kama ulivyo utaratibu wa vikundi hivi. Funguo tatu, watu watatu, na hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Utaratibu huu haukutoka mbinguni. Ulianzia kwa akina mama wa Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991, wengi wao hawakuwa wamekaa darasani hata siku moja, ukasambaa Afrika nzima mpaka ukatufikia sisi hapa. Mkumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Sasa wakati wa kuchagua uongozi, kila mama aliyependekezwa alikuwa na jibu lake. Mmoja akasema, “Mimi hesabu siziwezi, hesabu ni za wanaume.” Mwingine akasema, “Mimi mjane, nikianzisha jambo halina baraka.” Wa tatu akasema, “Mimi mama wa nyumbani tu, sifanyi kazi yoyote.” Na karibu wote wakanyoosha kidole kwangu: “Mwalimu yupo. Mwalimu amesoma. Tumwachie Mwalimu.”

Na mimi, jamani, nilifurahi. Nilikuwa nimestaafu mwaka huo huo, nimetoka kufundisha miaka mingi, nikaona hapa bado nina darasa. Sikumjibu yule aliyesema hesabu ni za wanaume. Sikumwambia kwamba yeye anauza samaki Deep Sea tangu alfajiri, anakopesha watu kumi kwa siku, na jioni anakumbuka deni la kila mmoja bila kalamu. Hizo kama si hesabu ni nini? Nilinyamaza, kwa sababu imani yake ile ilinipandisha mimi.

Ndivyo ilivyo imani ya namna hii. Inamfunga anayeiamini, na inamnufaisha mtu mwingine. Kwa hiyo yule anayenufaika hana haraka ya kuiondoa.

Yule aliyesema hafanyi kazi yoyote naye sikumjibu. Leo namjibu. Mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya nchi hii, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema wazi kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mahakama kuu kuliko zote nchini imesema hiyo ni kazi. Miaka 31 baadaye, chini ya mwembe wetu, mama anasema “sifanyi kazi”, na mwalimu aliyesoma amekaa kimya.

Somo la bibi yangu

Mimi nilizaliwa Muheza, kwenye machungwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuza machungwa kwa wafanyabiashara wenye magari. Hakujua a wala be. Alikuwa anahesabu matano matano, na kila akifika mia anaweka kijiti kimoja kwenye mkunjo wa kanga. Mwenye gari anakuja na karatasi yake, anasema, “Bibi, hapa ni elfu moja na mia mbili.” Bibi anatoa vijiti, anavipanga chini mmoja mmoja. “Vijiti vyangu vinasema kumi na vinne. Tuhesabu upya mimi na wewe.” Na wakihesabu, vijiti ndivyo vinavyosema kweli.

Ningekuwa na akili, somo langu lingeishia pale. Lakini nilipelekwa shule, na shuleni nilifundishwa mengi mazuri, ila nilijifunza na jambo moja baya ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia. Nilijifunza kuwa mwenye karatasi ndiye mwenye kweli. Nikaanza kumwonea bibi yangu haya na vijiti vyake.

Siku ya suti ya bluu

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe. Wenzangu wa siku nyingi mnalijua, ila hatujapata kulizungumza hadharani. Leo ni miaka kumi, acha tulizungumze.

Mwaka 2016 alikuja mtu hapa mtaani. Jina sitalitaja, wala jina la hiyo kampuni yake. Alikuwa amevaa suti ya bluu, ana mkoba, ana kompyuta ndogo, na anachanganya Kiswahili na Kiingereza. Akasema sisi akina mama tunalaza fedha kwenye sanduku kama marehemu. Ukitoa shilingi 100,000, baada ya siku 30 unapata 200,000. Masharti ni kuleta watu wawili tu. Wawili tu! Nani anakosa watu wawili?

Alitupa karatasi zenye muhuri. Alituonyesha michoro yenye mishale. Na kweli, wale wa mwanzo wawili watatu walilipwa. Mama mmoja wa mtaa wa pili alinunua friji, tukaenda kuliangalia lile friji kama tunakwenda kumwona bibi harusi. (Kicheko)

Mimi mwenyewe nilileta hoja katika mkutano: tuchukue nusu ya fedha za kikundi, tupande, tuvune baada ya mwezi. Nilisimama, nikaeleza kwa maneno mazuri ya kitaalamu, na ile michoro nikaibandika. Nikauliza, “Kuna swali?”

Likawa kimya. Halafu nyuma kabisa akanyoosha mkono mwenzetu tunayemwita Mama Vitumbua. Yupo hapa, amejificha nyuma ya nguzo ile, mnamwona. (Vigelegele) Wakati ule alikuwa hajui kusoma, jina lake alikuwa anatia dole gumba. Akasema, “Mwalimu, samahani, mimi sijasoma. Nataka kuuliza tu. Mimi nikinunua mchele wa 10,000, nikipiga vitumbua, nikiuza vyote, napata labda 16,000. Ile 6,000 naijua imetoka wapi. Imetoka kwa mikono yangu na kwa moto na kwa wateja waliokula. Sasa huyu baba, anauza nini? Hiyo laki ya pili inatoka wapi?”

Jamani. Swali lile ningeulizwa na mtoto wa darasa la tano, ningempigia makofi. Nilikuwa nalo jibu? Sikuwa nalo. Na nilijua kuwa sinalo. Lakini mimi ndiye Mwalimu. Nilimwambia hivi, na maneno yenyewe nayakumbuka kama jana: “Mama, haya ni mambo ya kitaalamu. Utayaelewa baadaye. Kaa chini.”

Akakaa. Tukapiga kura. Mikono 19 ikaunga mkono.

Basi siku ya kufungua sanduku, wenye funguo ni watatu: mimi, Bibi Mwenyekiti wa wakati ule, na Mama Vitumbua. Alipewa ufunguo ule kwa sababu nyumba yake iko karibu. Hakuna aliyefikiria kuwa atautumia. Akaja mkutanoni, akakaa mahali pake, mikono mitupu. Tukamwuliza, ufunguo uko wapi? Akasema, “Ufunguo upo nyumbani. Sikatai kura yenu. Lakini niliuliza swali, sikujibiwa, niliambiwa nikae. Nimeshakaa. Nikijibiwa nitauleta.”

Mliokuwepo mnakumbuka zile kelele. Aliitwa mshamba. Aliitwa mchawi wa maendeleo. Kuna waliosema avunjiwe kufuli. Bahati nzuri Mwenyekiti alisema kufuli halivunjwi, hiyo ni katiba yetu. Kwa majuma matatu watu hawakununua vitumbua vyake. Na yeye kila Jumamosi alikuja, akanunua hisa yake, akakaa.

Mimi kwa hasira nikaenda peke yangu. Nilichukua shilingi 1,200,000 kutoka kwenye kiinua mgongo changu, fedha ya miaka yote ya chaki, nikampelekea yule wa suti ya bluu. Wanachama wengine saba wakanifuata, kwa kuwa walimwona Mwalimu anakwenda. Mmoja wao aliuza cherehani.

Siku ya 41 ofisi ilikuwa imefungwa. Simu haipatikani. Bango limeshushwa. Na mama mwenye cherehani alikuja kwangu usiku, hakunigombeza. Alikaa tu kwenye kigoda, akalia, akaondoka. Ningependa zaidi angenigombeza.

Hesabu niliyoifanya baadaye

Usiku ule nilichukua daftari, nikafanya hesabu ambayo nimeifundisha darasani miaka nenda rudi. Mtu mmoja analeta wawili. Wawili wanaleta wanne. Wanne wanaleta wanane. Endeleeni nami. Hatua ya 10 panahitajika watu 1,024. Haya, Tanga tunao. Hatua ya 20 panahitajika watu 1,048,576. Hatua ya 26 panahitajika watu 67,108,864. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania wote, Bara na Visiwani, mpaka kichanga cha usiku ule, tukawa 61,741,120. Yaani kabla ya hatua ya 26 nchi imekwisha! Na ukumbuke kila walio kwenye ngazi ya chini kabisa ni wengi kuliko wote walio juu yao wakijumlishwa. Kwa hiyo siku mchezo unaposimama, na lazima usimame, walioumia ni wengi kuliko waliopata. Haina haja huyo mtu awe mwizi hodari. Hesabu yenyewe ndiyo inayoiba.

Hakuna mchele. Hakuna moto. Hakuna mteja aliyekula. Laki ya pili ilikuwa inatoka kwa mama aliyeuza cherehani.

Sasa nawauliza, mimi nilishindwa hesabu ile? Sikushindwa. Niliiweza tangu ujana wangu. Lakini kuweza kufikiri ni kitu kimoja, na kukubali kufikiri ni kitu kingine. Sikutaka kuifanya, kwa sababu mwenye suti alikuwa ameshaifanya kwa niaba yangu. Na pili niliogopa. Mtu ambaye watu wote wanasema anajua, anaogopa kuuliza swali dogo. Mama Vitumbua hakuwa na heshima ya kupoteza, kwa hiyo alikuwa huru. Mimi heshima yangu ilinifunga kamba.

Tumezoea kusema kwamba imani potofu ni za watu wasiosoma. Mimi nasema hapana. Yeye alikuwa na imani yake, “mimi sijasoma, sijui kitu”, ndiyo maana alianza kwa kuomba samahani. Mimi nilikuwa na yangu, “mimi nimesoma, siwezi kudanganywa”. Imani hizi mbili ni mapacha. Moja inamwambia mtu asifikiri kwa sababu hawezi, nyingine inamwambia asifikiri kwa sababu ameshamaliza.

Wengine waliotangulia

Wala hatukuwa wa kwanza. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, alipoanzisha harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977, wanawake wa vijijini waliambiwa na maofisa misitu kwamba kuotesha miti ni kazi ya wataalamu wenye vyeti. Wale mama wangeweza kurudi nyumbani. Lakini walijiuliza: tangu lini tukapanda mahindi na maharage kwa cheti? Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha hata kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, wakajifunza wenyewe kwa kukosea. Hata mwaka 2004, Profesa huyo alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata, miti iliyokuwa imepandwa ilizidi milioni 30.

Na hapa kwetu, Bibi Titi Mohamed. Elimu yake ya shule ilikuwa ya madarasa machache tu. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipokabidhiwa kuongoza wanawake wa TANU, hakwenda kutafuta wenye vyeti. Alikwenda kwa wenzake wa vikundi vya ngoma, wapika maandazi, wauza pombe, akina mama wa namna yetu. Aliona kuwa watu wanaojua kukaa pamoja, kuchanga na kuzikana, tayari wanajua siasa. Hakuna kitabu kilichomwambia hivyo. Aliona kwa macho yake, akaamini macho yake.

Maswali manne

Baada ya mkasa ule kikundi kilikaribia kufa. Watu saba wenye hasara, na wa nane ni mimi. Nilileta barua ya kujiuzulu. Aliyeikataa ni Mama Vitumbua. Akasema, “Mwalimu, ukiondoka tutapata mwingine wa kumwachia afikiri badala yetu. Baki, ila tufikiri wote.” Akaomba masharti mawili. La kwanza, nimfundishe kusoma. La pili, asiambiwe mtu tena “kaa chini” kabla hajajibiwa.

Masharti yote mawili tuliyatimiza. Na kutokana na maneno yake tukaandika maswali manne, yale yaliyobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku mpaka leo. Nayasoma:

Moja: Nani amesema, na amejuaje?

Mbili: Yeye anapata nini tukimwamini?

Tatu: Tumeliona kwa macho yetu, au tumeona friji tu? (Kicheko)

Nne: Tukikosea, hasara ni ya nani?

Hayo tu. Kila jambo linaloletwa kikundini, liwe limeletwa na mgeni, na kiongozi, na shehe, na mchungaji, na mwalimu, linapita hapo. Anayelileta hatukanwi. Anaulizwa kwa adabu. Kuuliza si ujinga, na tena si utovu wa adabu.

Nitatoa mifano miwili muone jinsi maswali haya yanavyokata kote kote.

Mwenzetu mmoja alinunua kiwanja kwa gawio lake la mwaka 2018. Akataka kuandikisha jina la kaka yake, kwa kuwa tangu utoto ameambiwa mwanamke haandikwi kwenye hati ya ardhi. Tukamwuliza swali la kwanza, nani amesema? Akasema, “Ndivyo ilivyo.” “Ndivyo ilivyo” si mtu, hana anuani. Tukatafuta. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa sawa na mwanamume. Mama yule alikuwa na haki hiyo miaka 47 na hajui. Tulikwenda naye watu sita mpaka Serikali ya Mtaa, akaandikwa jina lake. Kaka yake alikuwa shahidi, akatia sahihi mwenyewe kwa moyo mkunjufu. Kumbe hata yeye hakuwa na tatizo. Tulikuwa tunaogopa mlango ambao haukufungwa.

Mfano wa pili unatuuma kidogo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipokuja, na tukaambiwa vikundi visajiliwe, wengi wetu tulisema hapana, serikali inataka fedha zetu. Tulikuwa tumeshaumwa na nyoka, tukawa tunaogopa kila ujani. Tukadhani huko kukataa ndiko kufikiri. Mpaka Katibu wetu, binti mdogo kuliko wote, akasema, “Mbona hili hatukuliweka kwenye maswali manne?” Tukaliweka. Amesema nani? Sheria imeandikwa, tunaweza kuisoma. Anapata nini? Tumeona kuwa kikundi kikisajiliwa kinatambuliwa, mgogoro ukitokea kuna pa kwenda, na kwenye ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, kikundi kisichosajiliwa hakigusi. Tukaona tulikuwa tumekosea. Tukasajili.

Kwa hiyo kufikiri kwa akili yako si kukataa kila unaloambiwa. Anayekataa yote na anayekubali yote ni ndugu, wote wawili hawajauliza. Daktari akikupa dawa, mwulize ya nini, kisha uinywe. Wahenga wetu wa siku hizi wamesema vizuri: akili ya kuambiwa, changanya na yako. Hawakusema itupe. Wamesema changanya. Kama unga na maji. Kimoja peke yake hakiwi ugali.

Wakubwa wenzangu mtakumbuka ile kampeni ya redio ya mwaka 1973, “Mtu ni Afya”. Mimi nilikuwa msichana wa miaka 19. Tulikaa vikundi vikundi kuizunguka redio moja, wataalamu wakasema ya kwao juu ya malaria na kuhara damu na maji. Halafu redio inazimwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza, tunajadili: hapa kwetu dimbwi liko wapi, choo kichimbwe wapi, nani aanze. Maneno ya kuambiwa yalitoka redioni. Kuamua kulikuwa kwetu. Mimi naona hekima ya mambo yale ilikuwa katika kuzima redio.

Neno la mwisho

Ndugu Mgeni Rasmi, nimeambiwa muda wangu unakwisha, na harufu ya pilau inanipinga. Namalizia.

Tulianza na imani nyingi. Hesabu ni za wanaume: leo wanachama wetu 37 wote wanasoma kitabu chao cha hisa wenyewe. Mjane hana baraka: mwenyekiti wetu wa miaka sita ni mjane, na baraka mnaziona. Mama mwenye cherehani alikopa kikundini mwaka 2017, akanunua nyingine, na sare hizi tulizovaa leo ameshona yeye. (Vigelegele) Fedha yangu ile haikurudi wala haitarudi. Nilishaihesabu kuwa ni ada. Ni ada kubwa sana, ndiyo maana nawaomba ninyi mliokaa hapa msilipe tena ada ya somo hilo hilo. Maana watu wale hawajaisha. Siku hizi hawana hata suti, wanakuja kwa simu ya mkononi, lakini mishale ni ile ile na watu wawili ni wale wale.

Akina mama vijana, mtaambiwa mengi. Mtaambiwa hamuwezi, na mtaambiwa mtatajirika kwa siku 30. Yote mawili yanatoka duka moja. Kaeni mulize: laki ya pili inatoka wapi?

Mwisho kabisa, nina deni. Miaka minane nimelibeba. Mama Vitumbua, njoo hapa mbele, toka nyuma ya nguzo. Njoo, dada yangu.

Mwaka 2016, mbele ya watu 22, nilikwambia kaa chini. Leo, mbele ya watu wote hawa, mbele ya Mgeni Rasmi na wajukuu zako, naomba radhi. Na nakuomba usimame. Umri wangu umekuwa mkubwa, macho ya kuandika daftari yamepungua. Kamati imekuchagua uwe mwekahazina wetu kuanzia leo. Mwandiko wako nauona kila wiki kwenye kitabu cha hisa, na herufi zako ni nzuri kuliko zangu.

Huu hapa ufunguo wangu. Wa kwako unao, kwa hiyo mmoja utaurudisha kwa kamati ili apewe mtu mwingine. Huyo mwingine kabla ya kumkabidhi, mwulize maswali. Na asipojibu, usimpe.

Kikundi oyee!

(Vigelegele na makofi)